Chuck, Superstar, Air Force au Jordan 1: raba ya kikapu kwa mtu wa kutembea kwa miguu

Jumapili asubuhi pale soko la Kibuye, kabla jua la Kisumu halijakaza, utawakuta watu wamechuchumaa mbele ya turubai la viatu wakibonyeza raba moja moja kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi. Wengi wao wameshajua wanataka nini kwa jumla: zile raba za mpira wa vikapu za kizamani zinazokubali jinzi, suruali ya kitambaa na hata gauni. Kinachowachelewesha ni jina. Chuck Taylor? Superstar? Air Force? Au wajikaze wachukue Jordan 1?

Nimewahi kuwa mmoja wa hao wanaochuchumaa, na zote nne zimepita miguuni mwangu ndani ya miaka minane hivi, mbili zikiwa mpya na mbili za mitumba. Natembea kutoka Nyalenda hadi mjini karibu kila siku ya kazi, mara moja kwa mwezi naenda Nakuru kwa dada yangu, na mvua ikinyesha sina gari la kujificha. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu wa kutembea. Mwenye kushukia mlangoni pa ofisi achague kwa rangi tu, hatakosea.

Ukiziona zimepangwa zinang'aa ni rahisi kusahau kwamba zote nne zilitengenezewa sakafu ya mbao. Ndani ya jengo, pakavu, pamefagiliwa, na mchezaji akimaliza anazitia kwenye begi. Uzuri na ubaya wake kwetu unaanzia hapo. Soli iliyokusudiwa kushika mbao inafanya nini kwenye tope jeusi? Ngozi iliyotobolewa ili vidole vipumue, inakutana vipi na vumbi la Nakuru?

Nitazipima kwa nini

Vigezo ni sita na sivipi uzito sawa. Cha kwanza na kikubwa ni ardhi tunayoikanyaga. Kisha mguu wenyewe: saizi, upana, joto, na uchovu jioni ikifika. Kuna kufua. Kuna fundi, yaani raba ikiachia, je, mzee wa kando ya barabara anaweza kuirudisha? Kuna bei, pamoja na hatari ya kuuziwa feki au kitu kilichokwisha kuoza ndani. Mwisho ni mahali pa kuivalia. Umaarufu nimeuacha nje, maana kila mtu anatoka nao nyumbani kwao.

Tujuane nazo kwanza, haraka haraka. Chuck Taylor All Star ya Converse ndiyo babu yao: ilitoka 1917, juu ni turubai, chini ni mpira ulioshikanishwa kwa moto. Chuck Taylor alikuwa mchezaji aliyegeuka muuzaji wa kampuni, na jina lake likaingia kwenye ile beji ya kifundoni miaka ya 1930. Superstar ya adidas ikafika karibu 1970, ya ngozi, fupi, na gamba la mpira mbele ya vidole. Air Force 1 ni ya 1982, kazi ya Bruce Kilgore, na ndiyo raba ya kwanza ya kikapu ambayo Nike waliitia mfuko wa hewa kisiginoni. Jordan 1, nayo ya Nike, ni ya 1985, ilichorwa na Peter Moore kwa ajili ya Michael Jordan, ambaye wakati huo alikuwa kijana mgeni wa Chicago Bulls. Zinazouzwa leo ni matoleo ya kurudiwa, ila umbo na mpango wa soli haujatoka mbali na zile za kwanza.

Ardhi

Hapa Kisumu peke yake una ardhi mbili. Kuna lami na vigae vya mjini, kuanzia Oginga Odinga Street hadi ndani ya maduka makubwa. Halafu kuna tope jeusi la kunata, lile la uwanda wa Kano, ambalo likishika soli linakuongezea kimo bila kukuomba ruhusa. Ukienda Nakuru unakutana na vumbi laini lililotokana na majivu ya volkano, linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Kakamega ni mvua ya alasiri na udongo mwekundu usiotoka kwenye kitu cheupe.

Chuck ina soli bapa yenye mchoro wa almasi usio na kina. Kwenye tope hilo ni faida: halipati pa kujishikiza, ukigonga mara mbili kwenye ukingo wa mtaro linaanguka bonge zima. Kwenye vigae vilivyolowa ni balaa. Niliwahi kuingia benki nikitoka mvuani na nikavuka ule ukumbi kama ng'ombe kwenye utelezi, askari wa mlangoni akinitazama kwa huruma. Maji nayo turubai haiyazuii hata kidogo, na vile vitundu viwili vya chuma vilivyo ubavuni kwa ndani, vilivyowekwa vya kupitisha hewa, hupitisha maji bila kubisha hodi.

Superstar ni kinyume chake. Soli ina mistari ya kwenda na kurudi kama mfupa wa samaki, na kwa saruji yenye vumbi, vigae na lami, hakuna kati ya hizi nne iliyonishika vizuri kama hiyo. Tatizo ni kwamba mistari imebanana. Tope jeusi likijaa humo halitoki kwa kugonga. Utatafuta kijiti, na ukikosa kijiti utafika kazini na ardhi ya Nyalenda chini ya meza. Lile gamba la mbele ni baraka kwa mtu wa barabara za maramu. Ukijikwaa, jiwe linagonga mpira, si ngozi, si kucha. Na kwa kuwa mbele hakuna matundu, maji ya kurukiwa hayakuti njia.

Air Force 1 inakubeba juu. Soli yake ni nene, kwa hiyo kidimbwi ambacho kingeingia ndani ya Chuck, yenyewe inakivuka. Chini ina duara chini ya vidole, lililowekwa mchezaji aweze kuzunguka kwa mguu mmoja. Kwetu kazi yake ni kugeuka ghafla unapoitwa na kondakta. Inashika wastani kila mahali. Udhaifu wake uko juu, kwenye yale matundu juu ya vidole. Dada yangu aliazima yangu siku moja akaenda nayo sokoni Nakuru, mwezi wa pili, kiangazi. Jioni alipovua, soksi zake nyeupe zilikuwa na madoadoa ya kahawia yaliyopangika vizuri kabisa, kama manyoya ya kanga. Tulicheka, lakini vumbi lile lilikaa ndani ya kitambaa cha raba wiki kadhaa.

Jordan 1 nayo ina matundu hayohayo mbele, soli si nene sana kama ya Air Force, na inashika kwa kiasi kilekile. Inachokuzidishia ni shingo, ukichukua ile ndefu: boda ikikupita kwenye dimbwi, tope linaishia kwenye ngozi na soksi inabaki salama. Ukiwa abiria wa boda mwenyewe, kifundo cha mguu kimefunikwa unapokaa karibu na ekzosi ya moto. Kuna na fupi na ya kati, ila hizo mbili zinakupokonya sehemu ya faida hii.

Mguu

Kabla ya yote, usiamini namba. Saizi 9 ya Kimarekani kwa Nike ni 8 ya Kiingereza na sentimita 27. Kwa adidas, 9 hiyohiyo inakuwa 8.5 ya Kiingereza, bado sentimita 27. Kwa Converse 9 ya Marekani ni 9 pia kwa Uingereza, na ni sentimita 27.5. Mtu aliyezoea kuomba "namba nane" dukani akifika mitumbani na namba yake atapotea. Simama kwenye karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima kwa rula. Halafu tafuta sentimita kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi au ubavuni. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli.

Chuck huwa kubwa kwa urefu, wengi hushuka nusu namba au hata moja, lakini ni nyembamba. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa sisi tuliokua tukikimbia peku, vidole vimetanuka mbele. Turubai hatimaye inasalimu amri, tena upande wa kidole cha mwisho, na palepale ndipo inapokuja kutoboka. Superstar na Air Force nazo huwa kubwa kidogo, na Air Force ndiyo yenye nafasi zaidi mbele. Jordan 1 hukaa kwenye namba yake.

Uchovu ni habari nyingine. Chuck ya kawaida haina godoro. Ni kama kutembea juu ya kandambili nzuri. Kwa kutembea mwendo wa dakika arobaini sikuona shida, lakini siku niliyosimama kutwa kwenye shughuli ya shule ya mwanangu, visigino vililia hadi usiku. Soli ya ndani ya kuongeza, zile zinazouzwa barabarani, husaidia kiasi. Kuna toleo la Chuck 70, turubai nzito na soli ya ndani nene zaidi, nalo lina nafuu, ila bei inapanda. Jambo la ajabu ni kwamba wanaonyanyua vyuma na madereva wanaipenda Chuck kwa ubapa huohuo: mguu unausikia sakafu, unausikia pedali.

Air Force ina ulaini wa kisigino na ndiyo niliyoichagua kwa siku za kusimama. Ila ni nzito. Siku moja nikaiweka kwenye mizani ya sukari dukani kwa jirani, mguu mmoja, namba 43, ikakaribia nusu kilo. Mama mwenye duka akauliza, "Hii unavaa ama unafungia mbuzi?" Ukitembea sana utaisikia mapajani wiki ya kwanza. Superstar iko katikati, ngumu kidogo lakini thabiti. Tatizo lake ni gamba, ambalo halikunjiki, na kwa mguu mnene linabana vidole kila unapochuchumaa. Jordan 1 ndefu inachuna kifundo siku kumi za mwanzo hadi ngozi ilegee. Vaa soksi ndefu, vumilia.

Joto pia. Kisumu si mji wa ngozi nzito saa saba mchana. Turubai inapumua, na ndiyo maana Chuck haishiki harufu upesi. Air Force na Jordan zina sponji nyingi ndani, jasho linakaa, na ukivaa siku mbili mfululizo nyumba nzima itajua. Nakuru, palipoinuka zaidi na asubuhi zake za baridi, ngozi haina kesi.

Kufua

Chuck unaitumbukiza kwenye beseni, unasugua, unaanika. Ikiwa nyeupe, iviringe kwa tishu ikiwa bado mbichi, kila mahali, hadi ifanane na mtu aliyefungwa bendeji, halafu ianike kivulini. Ule umanjano unaotoka na maji unaishia kwenye karatasi. Wanafunzi wa bweni wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote.

Za ngozi usiziloweke. Kitambaa chenye maji, sabuni kidogo, mswaki mzee kwenye mpira, basi. Zikilowa ndani zinaweza kuchukua siku mbili kukauka, na ukiziweka juani zikauke haraka, ngozi inakakamaa na mpira mweupe unageuka manjano. Kati yao Superstar ndiyo rahisi: mbele, panapochafuka zaidi, ni mpira mtupu. Air Force nyeupe ndiyo ngumu, kwa sababu mikunjo juu ya vidole inameza uchafu kama mistari ya kiganja. Watu huweka magazeti au plastiki ndani kuzuia mikunjo. Mimi nilikata tamaa mwezi wa pili nikaiacha ikunjike. Jordan 1 yenye rangi mbili tatu husamehe mengi. Nyekundu na nyeusi za Chicago zinaweza kukaa wiki bila mtu kugundua.

Ukishawishiwa na Puma Clyde, ile ya 1973 yenye jina la utani la mchezaji wa kikapu Walt Frazier, kumbuka ni ya swedi, ile ngozi yenye malaika laini isiyopenda maji. Nakuru mwezi wa kwanza ni malkia. Kisumu mwezi wa nne, wacha tu.

Fundi

Kigezo hiki watu hawakiulizi, na kwangu ndicho kilichobadilisha uamuzi. Karibu na stendi kuu kuna mzee anayeshona viatu chini ya mwavuli uliopauka. Nilimpelekea Chuck na Air Force kwa mpigo, zote zimeachia mbele.

"Jaduong'," yaani mzee kwa Kijaluo, nikamwuliza, "kati ya hizi ipi ina maisha?"

Hakujibu upesi. Alizigeuza zote mbili matumbo juu, akachukua sindano yake ya ndoana, akaipitisha pole pole kwenye mfereji unaozunguka ubavu wa soli ya Air Force.

"Unaona huu mtaro? Uzi wa kiwanda umelala humu. Ukikatika napitisha wangu palepale. Hata wewe hutajua." Kisha akavuta ule utepe wa mpira wa Chuck kwa ukucha, ukafunguka kama gome la ndizi. "Hii haina uzi, mwanangu. Ni mpira umebandikwa ukapikwa. Nitapaka gundi, itakaa, halafu itaachia tena. Nikiishona, natoboa kutoka nje hadi ndani, nayo maji yatakuwa yamepata mlango."

Alichosema kimekuwa kweli kwa miaka yote niliyomtembelea. Superstar, Air Force na Jordan 1 zina soli ya kikombe, yaani mpira unaopanda kukumbatia kiatu, iliyoshonwa ubavuni, na fundi yeyote mwenye mkono anaweza kuifuata ile njia. Kisigino kikiisha upande mmoja, unene wa Air Force unaruhusu kubandika kipande cha tairi. Chuck unaitibu kwa gundi na kiraka cha jinzi ndani, penye tundu la kidole cha mwisho, ukijua ni matibabu ya kusogeza siku. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba Chuck uliyonunua kwa bei ndogo haikuumizi kuizika.

Superstar yangu iliachia mahali pamoja tu: pale gamba linapokutana na ngozi. Mshono mmoja, shilingi mia na hamsini, haijarudi.

Bei, feki na zilizooza

Zikiwa mpya na halali, ngazi ni hii: Chuck chini, Superstar juu yake, Air Force ikifuata, Jordan 1 ndefu kileleni. Mitumbani ngazi hiyo inavurugika. Hali ya raba na ujasiri wako wa kupatana bei vina sauti kuliko jina. Mzigo ukifunguliwa, wale wa "kamera", yaani wa chaguo la kwanza, huchagua kwanza na hulipa zaidi. Ukija saa nane mchana utalipa kidogo lakini utachambua. Mimi Superstar niliipata kwa 2,300 asubuhi, na Chuck kwa 1,200 saa ambayo muuzaji alikuwa ameanza kukunja turubai.

Air Force nyeupe na Jordan 1 ndizo zinazoigwa kupita zote, kwa hiyo ukiona mpya, inang'aa, kwa bei ya kilo chache za nyama, unajua unanunua nini. Hakuna dhambi kununua feki ukijua ni feki. Ubaya ni kulipia bei ya halali. Angalia matundu ya juu ya Air Force: nyingi za kuiga yamechorwa tu, hayajatoboka hadi ndani. Inue, feki nyingi ni nyepesi. Kwa Nike, lebo ya ndani ina namba ya toleo, nayo lazima ifanane na ya kwenye boksi, kama boksi lipo. Kwa adidas, linganisha lebo ya kushoto na ya kulia: namba ndogo ya kila mguu huwa tofauti. Zikilingana kabisa, weka chini.

Na sasa kuoza. Lebo ya Nike huwa na tarehe ya kutengenezwa. Isome. Miaka mitatu iliyopita nilinunua Jordan 4, safi, kama haijawahi kuvaliwa, kwa muuzaji ambaye simtaji. Nilizihifadhi kwa ajili ya mazishi ya shemeji yangu kule Siaya. Tulipokuwa tunavuka uwanja wa boma kuelekea hemani, nikahisi kisigino kinazama. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na vipande vyeusi vimeanguka kwa mstari, kama mtu anayemwaga mahamri makavu, na watoto wawili wanaviokota. Nilimaliza shughuli ile kwa kandambili za mama mkwe.

Sababu ni kwamba soli ya kati ya raba hizo ni povu aina ya polyurethane, na unyevu wa hewani huivunjavunja taratibu hata raba ikiwa kabatini. Isiyovaliwa kwa miaka mingi inaweza kuwa na hatari kuliko iliyochakaa kidogo. Jordan 3, 4 na 5 ndizo maarufu kwa ugonjwa huu kwa sababu povu liko nje. Kwa nne zetu hali ni afadhali: Chuck na Superstar hazitegemei povu la namna hiyo, na kwa Air Force na Jordan 1 limefunikwa na kikombe cha mpira. Gundi, hata hivyo, hukauka kwa zote. Ikunje raba kwa nguvu mbele ya muuzaji. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ukisikia mlio wa ganda la karanga, mrudishie na umshukuru.

Pa kuivalia

Hapa sina mengi. Superstar nyeusi au nyeupe safi inaingia ofisi nyingi bila maneno. Air Force nyeupe inapendeza ikiwa nyeupe kweli. Ikianza kuwa rangi ya chai inakuvunjia heshima. Chuck nyeusi fupi inafaa karibu kila mahali isipokuwa kanisani kwa wazee wenye macho makali. Jordan 1 inaongea kwa sauti, nawe ukae ukijua. Kisha kuna nyumba za kuvua viatu mlangoni, na huku kwetu ni nyingi: Chuck ndefu na Jordan 1 ndefu zitakuacha umeinama pale barazani ukipambana na kamba huku wenyeji wamesimama na bakuli la maji ya kunawa.

Kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi Maseno au Egerton, pesa ni kidogo na beseni lipo, anza na Chuck, fupi, nyeusi, mitumbani. Nunua namba iliyoshuka nusu, na kama mguu ni mpana jaribu ukiwa na soksi na utembee hatua ishirini kabla ya kutoa pesa.

Ukiwa unatembea sana kwenye lami na saruji, unaingia na kutoka ofisini, na hupendi habari ya kufua, tazama Superstar kwanza. Chuchumaa ukiwa umeivaa. Gamba likikubana hapo hapo, halitaacha kukubana kesho.

Wewe mwalimu, muuguzi, mhudumu, mtu wa kusimama kwa muda wa saa nane, Air Force itakufaa kisiginoni, na si lazima iwe nyeupe. Nyeusi yote hukaa vizuri na fundi ataikarabati miaka. Kama magoti yako hayapendi uzito, rudi kwa Superstar na uongeze soli ya ndani.

Jordan 1 ni ya yule ambaye tayari ana kiatu kingine cha mvua. Boda, safari, wikendi, sherehe, baridi ya Nakuru: hapo inajilipa. Ikiwa itakuwa kiatu chako pekee, chukua fupi, ya rangi zinazoficha, na uache ile ndefu hadi mwaka mwingine.

Anayeishi Kakamega au pembeni ya uwanda wa Kano, msimu wa masika, na njia yake ina tope kuanzia mlangoni, hizi nne zote zitamtesa. Afanye kama wafanyavyo wenyeji wa Nyalenda: gambuti hadi barabara kuu, raba kwenye mfuko wa kitambaa, na kitambaa kidogo cha kufutia miguu. Gambuti mimi huziacha kwa mama wa mboga pale kona, na jioni nazikuta zimegeuzwa matumbo juu zisijae maji.